Mgongo wa Mkwe

"Wewe Yusta, usinitie wazimu! Mtu hashindani na mto!"

Shamimu alikuwa amepanda juu ya ukuta wa choo, khanga kiunoni, akimgombeza jirani yake kwa mapenzi yote.

"Shuka huko na mdomo wako! Nimwache mama kitandani, niwafuate nyie mkapige umbea kwa dada yako mlimani?"

"Umbea unaelea, mwenzangu. Mama yako haelei!"

Jua lilikuwa kali, na hilo ndilo lililouma. Mvua ilinyesha huko milimani, Magomeni ya Kilosa ikaletewa maji bila hata wingu. Mto Mkondoa ulikuwa umevunja tuta, ukaja uchochoroni na nuru mgongoni, ukimeta, ukimetameta, mzuri kama mwongo. Ukaingia jikoni bila hodi. Na maji yakapanda.

Ndani, Bibi Lea, mama yake Yusta, alikaa juu ya kitanda kilichoinuliwa kwa matofali. Miguu yake haikuwa na kazi tena tangu kiharusi. Aliyatazama maji kama anavyotazamwa mgeni asiyeaga.

Ndipo boti ya jeshi ikatokea upande wa reli. Wanajeshi walikuwa wameletwa na malori kutoka Mikumi asubuhi hiyo. Mbele alisimama sajenti mmoja mpana wa mabega, na Shamimu akanyamaza. Shamimu, kunyamaza! Mtaa mzima ukajua kuna jambo.

Alikuwa Ditram.

Ee, Ditram. Ditram wa Mikumi, pale barabara kuu, Yusta alipokuwa akiwapikia wali madereva wa malori, naye kila Jumapili ana njaa isiyoisha. Ditram aliyeleta washenga. Ditram aliyemletea mama mkaja, kitenge cha heshima kwa tumbo lililombeba binti, na mama akaupokea kwa mikono miwili. Kisha jeshi likampeleka mbali, na huko mbali kukampa mke. Habari ilizunguka nyumba zote, ikafika kwa Yusta mwisho, tayari imechakaa midomoni mwa watu.

Mkaja haukurudishwa. Watu walimwambia, urudishe, ujitoe kifungoni. Akasema kesho. Kesho ikazaa kesho. Kwa mila yao, mkaja usiporudi uchumba haujafa, na mwanamke anaweza kuishi ndani ya ufa mwembamba namna hiyo, miaka, akiuita nyumba.

Boti haikuweza kupita uchochoroni. Ditram akashuka, maji kifuani, akafika mlangoni, akageuzia uso pembeni. Maana mkwe hamtazami mama mkwe. Hamgusi. Hali chakula mbele yake. Mke anaye kwingine, lakini shingo ilikuwa bado inakumbuka adabu ya nyumba hii.

Yusta aliiona ile shingo. Moyo wake, mpumbavu, ukaruka.

"Shikamoo, mama," Ditram aliuambia ukuta.

"Marahaba, mkwe."

"Nimekuja kukubeba mgongoni."

"Hunibebi. Nife na maji, nisife na aibu. Mkaja wako ninao. Lete mtu mwingine."

Mtu mwingine hakuwepo. Wenzake wawili waling'ang'ania kamba, mkondo ukiivuta boti. Mmoja akiachia, boti inakwenda. Na maji yakapanda, yakalamba godoro.

Ditram akamtazama Yusta. Hakuomba. Laiti angeomba, Yusta angemchukia vizuri.

Kulikuwa na maneno ya kumfungua mama, na Yusta peke yake ndiye aliyekuwa nayo. Ilibidi yatamkwe kwa sauti, mchana kweupe, mbele ya mapaa yaliyojaa masikio.

"Mama," akasema, na sauti haikuwa yake, "huyu si mkwe wako. Ana mke. Mimi si mchumba wa mtu. Mkaja wake naurudisha leo. Shamimu, sikia!"

"Nimesikia, dada," Shamimu akajibu.

Yusta akakivuta kile kitenge cha mkaja chini ya mto wa mama, akamtupia Ditram begani. Miguu ya mama haikuweza kushika kiuno cha mtu, kwa hiyo hichohicho kikawa mbeleko. Yusta akamfunga mama yake mgongoni kwa yule mwanamume, kama mtoto, na fundo akalikaza kifuani pake kwa vidole vyake mwenyewe. Moyo wa Ditram ulipiga chini ya fundo. Yusta akakaza zaidi.

Mchana ule, nyumba ya dada yake Shamimu, kule juu mlimani, ilijaa hadi barazani. Waliokolewa, waokoaji, kuku wawili, kelele. Sinia la wali likatua mkekani. Wanajeshi wakanawa. Ditram peke yake alibaki uani, kageuka upande, kwa mazoea.

Bibi Lea akamwona. Alimtazama usoni, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu amfahamu.

"Wewe kijana," akaita, kwa sauti ya kumwita mpita njia, "mbona umesimama huko kama una ukwe na mtu hapa? Ingia, baba. Kaa hapa mbele yangu, ule."