Mama wa Kwenye Picha Amekwenda Kwao

Asubuhi ya Jumatatu Sosar alichuja chai, akawapa wakwe zake, akaketi sakafuni mbele ya kibao chake cha kuchorea. Mama wa kwenye picha alikuwa amekaa kitako. Jumamosi alimwacha amesimama, kamba mkononi, anamfunga mwanawe Krishna kwenye kinu kwa kosa la kuiba siagi. Sasa kamba ilikuwa chini, na mama mwenyewe ameegemea kinu, miguu kainyoosha.

Picha haikuzidi ukubwa wa daftari la shule. Tajiri mmoja wa Ahmedabad aliiagiza kwa chumba chake cha sala, na alitaka mama asimame.

Katika mji huu wa Nathdwara mkaza mwana hasemi na bavyaa wake, baba wa mumewe. Hujifunika uso kwa mtandio, akasema na mavyaa, mama wa mumewe, naye mavyaa huyapeleka maneno, hata kama wote watatu wamo katika chumba kimoja cha hatua nne.

"Mama, mwambie baba yule mama amekaa."

"Amekaa," Barji akamwambia mumewe, huku akichambua dengu.

"Mwambie amsimamishe," mzee Udayram akasema. "Amemchorea magoti mabovu huyo."

Sosar akamsimamisha. Ng'ombe, majani, macho, vyote vya humo alichora yeye, tangu mikono ya mzee ilipoanza kutetemeka miaka sita nyuma. Mzee alibakiwa na kazi ya kuandika jina lake chini. Sosar naye aliahidiwa jambo moja: picha ikiisha aende kwao Bundi kwa mwezi wa mvua, kama waendavyo wake za watu wote, akalale kwa mama yake mpaka achoke kulala. Miaka minne hajaenda. Kila mwaka palikuwa na picha. Safari hii kaka yake angekuja kumchukua Ijumaa.

Jumanne mama wa kwenye picha alikaa tena. Jumatano alikutwa amelala, kajifunika gubigubi. Sosar alimtazama kwa muda mrefu, brashi ya manyoya ya kindi mkononi, na kusema kweli alimwonea wivu. Alhamisi hakuwepo. Mlango wa ua, ambao Sosar aliuchora umefungwa, ulikuwa wazi.

"Amekwenda kwao," Barji akasema. "Si mwezi wa mvua? Na yeye ana kwao. Kachoka, maskini, kukimbizana na yule mtoto."

Hakuna aliyemlaumu. Tatizo lilikuwa mtoto. Kufika adhuhuri alikwisha kuteremka kutoka kwenye karatasi, mwenye rangi ya wingu la mvua, uchi ila shanga za kiunoni, akaacha nyayo za siagi chumba kizima na kuonja rangi nyeupe kikombeni. Mji ule humlea mungu huyu hekaluni mwaka mzima: huamshwa, huvishwa, hulishwa, hulazwa. Kwa hiyo majirani walileta maziwa, wakasujudu, wakarudi makwao. Wa kumwogesha hakujitokeza.

"Nani atamwangalia?" Udayram akauliza.

"Nani tena? Huyu hapa. Hana mtoto, mume yuko Surat kazini, ana shughuli gani?" Barji akasema.

"Mama, mwambie baba kesho nasafiri."

"Anasema kesho anasafiri."

"Asafiri, nani kamkataza? Ila mtoto wa watu anamwachia nani?"

Hasira zilimpanda Sosar mpaka masikio yakapata moto. Alitamani afunue uso amjibu mzee mwenyewe, ana kwa ana. Lakini mtoto alikwisha kushika pindo la sketi yake, analia usingizi, akambeba. Alikuwa mzito.

Ijumaa kaka yake, Khemraj, alishuka basi la saa nne, shati limelowa, boksi la peremende kwapani. Alimkuta dada yake uani, anamsugua mtoto siagi iliyomganda kichwani, na mtoto anarusha mateke.

"Dada, mbona hujajiandaa? Mama katandika kitanda chako tangu juzi."

"Mtazame huyu kwanza."

Khemraj akatazama. Akavua viatu, akapiga magoti kwenye tope, akaigusa miguu ya mtoto kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka.

"Una bahati, dada! Watu wanafunga miaka na miaka hawamwoni hata ndotoni. Wewe unamwogesha!"

"Nimechoka, Khemraj. Nichukue."

"Nikuchukue, huyu umwache? Mama atanifukuza nyumbani."

Akanywa chai. Udayram akamsifu kwa kuwa na dada mwenye neema. Basi la saa saba likamrudisha peke yake.

Mama wa kwenye picha alirejea siku ya mwisho ya mwezi wa mvua, kanenepa kidogo, bangili mpya mikononi. Alimchukua mwanawe bila kusema asante, akaingia naye kwenye karatasi, akasimama wima, kamba mkononi. Mzee akaandika jina lake.

"Mwambie sasa aende kwao," akasema.

"Mwezi wenyewe umeisha," Barji akajibu, bila kumgeukia Sosar. "Ataenda mwakani."