Kanga wa Kwanza wa Karanga

Jumamosi ile Daniel aliamka na jambo moja tu kichwani: kabla jua halijawa kali, mbwa wake awe amekubali kumfanyia kazi mtu mwingine. Kulitamka jambo lenyewe ni rahisi. Kulitaka kwa moyo mmoja ndiko kulikomnyima usingizi wiki nzima.

Mbwa aliitwa Karanga kwa sababu ya rangi yake. Alikuwa jike wa miezi kumi na moja, mwenye masikio marefu ya kuning'inia ambayo watu wa kambi ya mkonge walisema aliyarithi kwa mbwa wa meneja mmoja Mgiriki wa zamani. Daniel hakuubisha uvumi huo wala hakuutilia chumvi. Alichojua ni kwamba mama yake Karanga, na bibi yake Karanga, walikuwa mbwa wa kuokota ndege, na huyu naye hakuwa na dalili ya kuwaaibisha.

Daniel alikuwa Msambaa, lakini alizaliwa kambini, akakulia kambini, akakata mkonge mpaka mgongo ukagoma. Kwa miaka thelathini, kila msimu wa kuwinda ulipofunguliwa, alikwenda porini na rafiki yake Uweso, Mdigo wa Ngamiani, fundi cherehani mwenye bunduki ya marisau na leseni zake zote. Kazi waligawana hivi: Uweso anapiga, mbwa anaokota, Daniel anapokea. Uweso hakuwahi kumgusa mbwa hata kwa ncha ya kiatu. Mate ya mbwa kwake ni najisi, na Uweso si mtu wa kuchezea udhu wake. "Dini imeniruhusu kula alicholeta mbwa aliyefunzwa," alikuwa akisema, "haikuniamuru nimkumbatie." Basi ndege alipita kwanza mkononi mwa Daniel. Uweso akifika kwake alipaosha palipoguswa na meno mara saba, moja kwa udongo, na jioni akala kwa raha zake.

Mwezi wa Mei kiharusi kikampiga Daniel, kikaulegeza mguu wa kushoto. Agosti binti yake Devota, mwalimu wa shule ya msingi huko Dodoma, akaja kumchukua. Safari ilikuwa Jumapili. Nyumba aliyopanga Devota haikuwa na pa kuanikia nguo, sembuse pa kufugia mbwa. Innocent, mwenye yadi ya mbao kule Makorora, alikuwa amekwisha kusema atamchukua Karanga bila maneno mengi, kwani mnyororo tayari anao. Daniel alikuwa ameuona mnyororo huo. Ulikuwa na urefu wa hatua tatu, na tangu siku ile chakula hakikumpanda.

Alikuwa amemwomba Uweso amchukue yeye. Uweso alikaa siku mbili akiwaza, ndipo akapiga simu.

"Yakhe, sikiliza," alisema. "Mbwa wa kuwinda nina ruhusa ya kumfuga. Nitamweka shambani kwangu Kirare, atakula atashiba, na atalala pakavu. Mbwa wa kukaa tu, sina ruhusa naye, na sitamchezea Mungu kwa ajili yako wala kwa ajili ya masikio yale. Akinifanyia kazi mimi, ni wangu. Akikufanyia wewe peke yako, huyo si mbwa wa kuwinda, ni mbwa wa Daniel."

Kosa lilikuwa la Daniel, na alilijua. Alimfunza Karanga vizuri kupita kiasi. Alijaza soksi nyuzi za mkonge, akaizungushia manyoya ya kanga, akamtupia kila asubuhi kwa miezi sita. Aligonga debe kila alipompa ugali, kwanza kwa mbali, kisha karibu, mpaka mtoto wa mbwa akaamini kwamba kishindo ni habari njema. Alimfundisha kupita katikati ya mistari ya mkonge bila kuchomwa macho na miiba. Alimfundisha "tulia", akamfundisha "lete", akamfundisha "achia". Jambo moja tu hakumfundisha, kwamba duniani kuna mikono mingine.

Uweso alifika na pikipiki saa kumi na mbili na nusu, bunduki imefungwa mgongoni ndani ya mfuko wa turubai alioushona mwenyewe.

"Shikamoo, baba," Devota alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa kaamka?"

"Kaamka, kavaa na viatu. Mwambie wewe asiende. Mimi nimeshindwa."

Uweso alimtazama rafiki yake aliyesimama mlangoni na fimbo, kofia ya kuwindia imekwisha kukaa kichwani. Akatikisa kichwa.

"Huyu Msambaa nimeanza kumwambia asifanye mambo tangu hujazaliwa," alisema. "Hajawahi kunisikia hata siku moja."

"Mdigo akisema, nani asikilize," alijibu Daniel. "Twende."

Si mbali. Nyuma ya kambi palikuwa na shamba la zamani ambalo mkonge wake ulikwisha kutoa milingoti ya maua na kuachwa, vichaka vikaota katikati, na kanga wa porini wakapafanya kwao. Watu wazima wawili walitembea mwendo wa mguu mmoja mbovu. Karanga alikwenda mbele, akarudi, akaenda, akarudi, na kila akirudi alimnusa Daniel goti lile bovu, halafu akamtazama usoni. Uweso hakumtazama kabisa. Daniel aliliona hilo, akaumia.

Walikubaliana Daniel abaki kwenye njia ya matrekta, na Uweso aingie na mbwa ndani. Daniel alimwinamia Karanga, akamshika taya kwa mikono miwili.

"Leo fundi ni yule," alimwambia taratibu. "Umesikia? Yule pale mwenye kanzu iliyopandishwa kiunoni kama anavuka mto."

"Nimesikia mimi," alisema Uweso.

Wakaingia. Daniel alisikia majani makavu, akasikia Uweso akisema "tafuta" kwa sauti kavu ya mtu anayeagiza misumari dukani, kisha kanga wakapiga kelele, wakaruka. Bunduki ikalia. Kabla moshi haujatawanyika Karanga alikuwa amekwisha kutoka mbio kwenye mkonge na kujichomeka katikati ya miguu ya Daniel, mkia wote unatikisika. Mdomoni hakuwa na kitu. Amesikia kishindo, amekuja kula ugali.

Ingekuwa siku nyingine Daniel angecheka mpaka akae chini. Siku hiyo hakucheka. Uweso naye alitoka kwenye mkonge akipangusa jasho.

"Nimekosa," alisema. "Hakuna kilichoanguka. Mbwa hana kosa hapo."

"Amenikimbilia mimi."

"Nimeona."

"Mara moja nyingine, Uweso."

Uweso alitazama jua, akamtazama na Daniel. Watu waliokaa pamoja miaka thelathini wana namna yao ya kuhurumiana, na mara nyingi hufanana na ukali.

"Mara moja," alisema. "Na wewe usimshike tena mataya. Unamuaga kila dakika, atajuaje kwamba kuna kazi?"

Maneno hayo yalimchoma Daniel kwa sababu yalikuwa kweli. Kumbe tangu asubuhi alikuwa anaaga. Akaitia mikono yote miwili mfukoni, fimbo akaibana kwapani, akamwambia Karanga neno moja tu: "Nenda."

Safari hii ilichukua muda. Jua lilipanda juu ya milingoti, na mguu wa Daniel ukaanza kutetemeka, lakini hakukaa, maana akikaa mbwa angedhani ameanguka. Kisha akasikia "bismillahi" ya Uweso, ndogo, na mlio wa bunduki, na baada ya mlio kitu kizito kikaanguka kwenye majani.

"Tulia," alisema Uweso.

Hakuna mbwa aliyetoka mbio.

"Haya. Lete."

Majani yakavunjika, mbwa akapiga chafya, kisha mguno wa mtoto anayeinua mzigo mkubwa kuliko yeye. Ndipo Karanga akatoka kwenye mkonge. Alikuwa amemshika kanga katikati, kwa upole, bawa moja limemwangukia jichoni, shingo imenyooka kwa fahari. Uweso naye alikuwa ametoka, kasimama hatua kumi kushoto kwake, mkono mbele. Karanga alimpita, akaja moja kwa moja kwa Daniel.

Mungu amsamehe, mkono wa Daniel ulikuwa umekwisha kutoka mfukoni. Miezi sita aliota siku hii, mbwa huyu, ndege huyu, macho yale ya kahawia yanayosema nimeweza, nitazame. Kidogo tu, hatua tatu nne, na ndege angekuwa mkononi mwake, na Karanga angekuwa kwenye mnyororo wa Makorora.

Akampa mgongo.

Karanga alisimama. Hakuelewa. Akamzunguka, akaja mbele yake. Daniel akageuka tena, mguu mbovu ukiburura mchanga. Karanga akamzunguka tena, sasa mkia umeanza kushuka. Akageuka mara ya tatu, nusura aanguke, fimbo ikamponyoka, na hakuiokota. Alisimama hivyo hivyo, uso kaelekeza kambini, macho kayafumba, machozi yanamtoka wazi wazi na yeye anayaacha.

Alimsikia mbwa nyuma yake, anapumua kwa pua kwa sababu mdomo umejaa. Pua yenye maji ikamgusa kiganja. Akafunga ngumi. Ikamgusa tena. Alikwisha kuzika mke, na alijua uzito wa kusimama wima pale ambapo mwili wote unataka kuinama. Lakini mke wake hakuwa amesimama nyuma yake akimgusa mkono.

"Karanga," aliita Uweso, kwa sauti ile ile ya misumari. Hakuna kilichosogea.

Kisha Daniel akasikia kitu ambacho hakukitarajia. Alisikia magoti ya Uweso yakilia, moja baada ya lingine, na kanzu ikikokotwa mchangani. Mtu mzima wa miaka sitini na nane alikuwa anapiga magoti.

"Njoo, mama," alisema Uweso, na sasa ilikuwa sauti nyingine kabisa, ambayo Daniel aliwahi kuisikia mara chache tu, Uweso akibembeleza wajukuu. "Njoo, mwanangu. Mzee wako kachoka. Nipe mimi nikubebee. Njoo, taratibu, hakuna anayekufukuza."

Pumzi ile nyuma ya Daniel ikasita. Ikabaki muda mrefu mahali pamoja. Halafu ikaondoka, hatua moja, mbili, ikasimama, na Daniel alijua bila kuona kwamba mbwa amegeuza kichwa na anautazama mgongo wake. Kama kuna mtu aliyewahi kuombea mgongo wake uonekane mbaya, ni Daniel saa ile.

Hatua zikaendelea.

"Achia," alisema Uweso kwa upole.

Daniel alingoja. Majogoo wa kambini waliwika mbali huko, trekta likapita upande wa kiwandani.

"Ameachia?" aliuliza bila kugeuka.

"Ameachia."

"Ndege yuko mzima? Hajamtafuna?"

"Hata unyoya haujavunjika." Daniel akasikia ndege akiwekwa mchangani. "Daniel. Ananiramba mkono."

"Muondoe, kama..."

"Muache," alisema Uweso. "Udongo upo, maji yapo. Nitaosha." Akainuka, magoti yakalia tena. "Mlete wa pili, mama. Wapo wengi huko ndani. Twende, tafuta."

Majani yakavunjika tena, ya mtu na ya mbwa, yakaingia ndani ya mkonge pamoja.

Daniel aliinama kwa tabu, akaokota fimbo yake. Aliweza kugeuka sasa. Alitaka sana kugeuka, angalau aone mkia, lakini aliwajua mbwa wake: jicho moja tu la Daniel na kazi yote ya asubuhi ingeharibika. Akaanza kurudi kambini bila kuaga. Alikwenda polepole huku anasikiliza nyuma, kama alivyosikiliza kila siku kwa miezi kumi na moja, nyayo nne zinazokuja mbio kumfikia. Aliomba zisije. Hazikuja.

Devota alimwona kutoka mbali akija peke yake, akaacha kufunga mizigo, akamkimbilia njiani.

"Baba, vipi? Karanga yuko wapi?"

"Yuko kazini," alisema Daniel, na kwa mara ya kwanza tangu augue akamwachia binti yake amshike mkono.