Ridhaa ya Rumaisa

Rumaisa alifika chumba cha darsa kabla ya wenzake, mkono wa kushoto ameuficha ndani ya buibui, akaketi karibu na ukuta bila ya kuvua viatu. Ilikuwa kumi na moja ya Ramadhani, saa za alasiri. Bi Hindu, aliyekuwa akitandika mikeka, aliona viatu kwanza. Kisha akaona shavu lililovimba.

"Vua viatu, mwanangu. Hapa pasomwa Kurani."

Rumaisa alivivua kwa mkono mmoja. Ule wa pili alipoutoa ulikuwa umefura kutoka kifundo mpaka vidoleni, na pete ya ndoa ilikuwa imezama ndani ya nyama.

"Ni Jaafar," alisema. "Mara ya nne hii tangu mwezi wa maulidi. Nimekuya kwako, Bi Hindu. Kwa mama sikwenda, mama atanirudisha tu. Wewe ukisema neno watakusikiza."

Hilo lilikuwa kweli. Kwa miaka ishirini na miwili Bi Hindu aliwasomesha wanawake wa kijiji kile cha kisiwani Pate, na hapakuwa na mtoto aliyepewa jina wala binti aliyeposwa kabla hajaulizwa yeye. Wanaume pia walimpisha njiani. Bwana Fadhil, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, alimjengea chumba hiki, akatia mabati mapya na feni mbili, na kila Ramadhani akawaletea wanafunzi wake futari. Bwana Fadhil ni ami yake Jaafar.

"Wataka niseme nini?"

"Sema nina haki ya kutoka. Nataka kwenda Lamu kwa kadhi."

Bi Hindu aliujua mlango huo wa kitabu cha fikihi. Aliusoma mbele ya babake akiwa na miaka kumi na mitano: mlango wa mwanamke anayetaka kujitoa katika ndoa, na haki aliyopewa. Kitabu chenyewe kilikuwa pale rafuni, na angeweza kukifungua ukurasa wake gizani. Lakini katika miaka yote ile hakuusomesha hata mara moja. Kila walipoukaribia alisema muda umekwisha, akarukia mlango wa eda.

"Huu ni mwezi wa subira," alisema. "Ndoa haivunjwi Ramadhani. Ngoja Idi ipite."

Alijua hakuna kitabu kilichosema hivyo.

Rumaisa alimtazama kama mtu aliyesikia vibaya. Bi Hindu akamshika mkono ule mzima, akamwinua, wakatoka. Jaafar walimkuta ubavuni mwa nyumba yake amefungua mashine ya boti. Alisimama, akafuta mafuta kwenye kikoi, akainama kuubusu mkono wa Bi Hindu.

"Ahsanta, Bi Hindu. Mola akulipe kwa hisani yako."

"Mche Mungu na mwana wa watu, Jaafar."

"Inshallah."

Yote hayo hayakupita muda wa rakaa mbili. Rumaisa aliingia ndani bila ya kugeuka, na Bi Hindu akarudi na moyo mwepesi.

Ramadhani ile alikuwa amechagua kusomesha juu ya nguvu ya mwanamke. Jioni hiyo, wanawake walipojaa, alikitoa kisa cha Rumaisa kiwe mfano. Hakumtaja jina, ila hapakuwa na asiyemjua. Akasema kuna mwenzao aliyetaka kuvunja nyumba yake mchana wa Ramadhani, na sasa amerudi kwa mumewe kwa heshima. Nguvu ya mwanamke, akasema, ni kujizuia.

Raihana alinyoosha mkono. Alikuwa mjane, msusi wa mikeka kutoka Kipungani aliyeletwa huku na ndoa, na maswali yake siku zote yalikuwa mafupi.

"Mwenye kujizuia na njaa magharibi hufuturu, Bi Hindu. Mwenye kujizuia na kipigo hufuturu nini?"

Wanawake walicheka, midomo wameiziba kwa shungi.

"Hufuturu peponi," alijibu Bi Hindu.

Wote wakasema inshallah. Raihana hakusema.

* * *

Siku ya ishirini walikuja kumwita Bi Hindu. Rumaisa alikuwa amelazwa kwenye zahanati, na mamake, Bi Husni, alikuwa sakafuni ukumbini akipiga mapaja yake. Asubuhi ile Rumaisa alimwambia mumewe kwamba Idi ikipita atakwenda kwa kadhi, kama alivyoelekezwa. Jaafar alichukua mbuzi ya kukunia nazi akampiga nayo usoni.

Nesi aliitwa Cherotich, msichana wa bara mwenye mikono ya haraka. Alihitaji mwanamke wa kumshikilia Rumaisa kichwa wakati akimfunga bendeji. Bi Hindu alishika. Taya lilikuwa limekwenda upande, na kila pumzi ilitoka na damu.

"Huyu lazima aende Lamu kwa boti, saa hii," alisema Cherotich. "Taya limevunjika mahali pawili. Mimi nimechoka, mama. Wiki jana alikuja hapa na mkono. Nikamwambia, usirudi pale. Akaniambia ako na mwalimu wake wa dini, mama mmoja mkubwa, huyo atamsaidia." Akakata plasta kwa meno. "Sijui ni nani alimwambia arudi kwa yule mwanaume. Wewe unamjua huyo mwalimu?"

Macho ya Rumaisa yalikuwa wazi, yakimtazama Bi Hindu kutoka chini.

"Walimu ni wengi huku," alisema Bi Hindu.

Alikuwa amefunga. Aliwasomesha wanawake mara ngapi kwamba uongo huila saumu kama mchwa? Cherotich alishukuru, akamwomba ashike vizuri zaidi, na yeye akashika vizuri zaidi.

Siku zilizofuata darsa aliiacha kwa Raihana, akasema ana homa. Alikaa ndani ya nyumba yake na kitabu mapajani. Aliusoma ule mlango, akaufunga, akausoma tena. Alijaribu kujiambia kwamba alimwogopa Bwana Fadhil, kwa ajili ya chumba na feni na futari, na hilo lilikuwa na aibu yake, lakini ni aibu ambayo watu wangeielewa. Lililokuwa chini yake lilikuwa baya zaidi. Marehemu mumewe, Bwana Hamdu, alimpiga miaka kumi na tisa. Alivumilia, na kwa kuvumilia akawa Bi Hindu, anayepishwa njiani. Siku ile Rumaisa alipotaja kadhi, kitu ndani yake kilipanda kama nyongo: huyu ni nani hata atoke, na mimi sikutoka? Hiyo ndiyo iliyomshika Rumaisa mkono. Haikuwa subira wala dini.

* * *

Rumaisa alirudishwa kutoka Lamu siku ya ishirini na tano, taya limefungwa kwa waya, meno ya juu na ya chini yamekazwa pamoja, apewe uji kwa mrija wiki sita. Asubuhi ya pili Bi Hindu alikwenda kituo cha polisi. Hakuwahi kuingia humo maisha yake. Askari wa zamu aliitwa Wafula. Alimvutia kiti.

"Andika," alisema Bi Hindu. "Mimi ndiye niliyemrudisha. Aliniambia apigwa, nikaona mkono wake kwa mato yangu, nikamrudisha."

Wafula aliandika polepole. Alipomaliza alimsomea, naye akatia sahihi.

"Fomu ya daktari ninayo, mama. Shahidi sasa ninaye. Lakini nikwambie ukweli. Wazee wanakaa leo alasiri kwa Bwana Fadhil. Wakileta karatasi ya maslaha, kwamba wamesuluhishana nje ya korti, mkubwa wangu atasema tufunge faili. Hapa ndivyo mambo yanaenda."

"Na yeye mwenyewe akikataa?"

"Akikataa, hakuna maslaha. Neno moja tu. Aseme mbele yao hataki, mimi nakuja kumchukua Jaafar leo leo."

"Hawezi kusema. Kanwa lake limefungwa waya."

Wafula aliitazama kalamu yake.

"Basi mtu amsemee, mama."

* * *

Kwa Bwana Fadhil wanaume waliketi ukumbini, wazee saba na Jaafar, ambaye alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kuinamisha kichwa. Wanawake walikuwa chumba cha ndani, na baina yao pana pazia zito. Rumaisa aliketi katikati ya mamake na Bi Hindu. Uso wake ulikuwa umevimba, mpana kuliko uso wake wa siku zote. Mamake alimshika mikono yote miwili mapajani, kama anavyoshikwa mtoto asijikune.

Bwana Fadhil alisoma karatasi. Ilisema mke na mume walikosana, mke akaanguka juu ya mbuzi ya nazi, mume amejuta, na wote wawili wameridhia kurudiana kwa hishima ya mwezi mtukufu. Sauti yake ilikuwa ya upole. Hakuna mtu aliyewahi kumsikia akipaza.

"Rumaisa, mwanangu," alisema kupitia pazia. "Umeridhia?"

Rumaisa alitikisa kichwa. Alikitikisa kulia na kushoto, mara nyingi, mpaka bendeji ikalegea. Akajaribu kusema. Kilichotoka kati ya waya kilikuwa sauti moja ya puani, ndefu: "Mmmm."

"Alhamdulillahi," alisema mzee mmoja. "Ameitika."

"Hakuitika!" Bi Hindu alijisikia akisema. Alikuwa amesimama. "Amekataa. Ametikisa kitwa. Nyinyi hamumuoni. Mpeni kalamu aandike."

Upande wa pili mtu akacheka kidogo.

"Bi Hindu," alisema Bwana Fadhil, "hapa hatukuya kufanya mtihani."

"Ana haki ya kutoka. Imo kitabuni. Mwaijua na mimi naijua."

Bi Husni alimvuta buibui. "Nyamaza, Bi Hindu," alinong'ona, macho yamemjaa machozi. "Nina wana wawili wengine hawajaolewa. Nani atakuya kuwaposa? Nyamaza, nakuomba kwa Mungu."

"Imo kitabuni," alirudia Bi Hindu.

"Miaka ishirini na miwili," alisema Bwana Fadhil, vilevile kwa upole, "hatukuwahi kusikia ukiisomesha. Mke wangu alisoma kwako. Wanangu wamesoma kwako. Yeo ndiyo imeingia kitabuni?"

Bi Hindu alilisogelea pazia.

"Na niambie jingine, kisha tusome Fatiha watu wakafuturu. Huyu mwana alipokuya kwako, kanwa lake lilikuwa zima. Alikwambia kwa ulimi wake hataki. Sivyo?"

"Alinambia."

"Ukamfanya nini?"

Chumbani wanawake waliinamisha macho, hata Raihana, aliyekuwa karibu na mlango. Rumaisa peke yake ndiye aliyemtazama. Hakuwa akimtazama kwa hasira. Alikuwa akingoja, kama alivyongoja siku ile karibu na ukuta, na viatu miguuni.

"Ukamfanya nini, Bi Hindu? Wazee wasikie."

"Nilimrudisha," alisema, kwa sauti ndogo iliyotosha kupita pazia.

"Basi na sisi twamrudisha. Hatukuzidisha kitu juu ya uliyotufunza wewe. Keti, mama, umefunga, utachoka."

Miguu yake ilikaa kabla yeye hajaamua. Karatasi ilipitishwa chini ya pazia pamoja na kibweta cha wino. Bi Husni alikichukua kidole gumba cha binti yake, akakichovya na kukikandamiza, akakifuta kwa ncha ya leso yake taratibu, kwa mapenzi, asibaki na doa.

Ukumbini walianza Fatiha. Wanawake wakanyanyua mikono. Rumaisa hakunyanyua, mate yenye wekundu yalimchuruzika katika pembe ya mdomo na kudondoka juu ya buibui, na hakuyafuta. Alikuwa bado anamtazama Bi Hindu.

"Amin," walisema wanaume.

"Amin," wakasema wanawake.

Bi Hindu alihisi viganja viwili vyenye joto vikishuka usoni mwake, kutoka kipaji mpaka kidevuni, taratibu, kama ilivyo sunna. Vilikuwa viganja vyake, na midomo yake ilikwisha kusema amin.