Maji ya Mama Mkwe

...na wala si glasi, glasi hizi anazijua, ni zile za kabatini zinazotolewa akija mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima leo ni yeye, wala si mwanga wa dirishani, maana pazia ni jeupe na kitambaa cha meza ni cheupe, kimepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama, na juu ya weupe wote huo maji yaliyomo mkononi mwake yana umanjano, kidogo, kidogo sana, mwingine angesema ni macho tu, lakini yeye si mwingine, yeye ndiye mhandisi wa maji wa familia hii, na macho yake hayana pa kusingizia... Karibu maji, mwanangu, mama mkwe amesema, amempa kwa mikono miwili, kwa upole ule unaomfanya mtu aombe ardhi ipasuke immeze, kisha amerudi kitini kwake, jagi katikati ya meza, glasi yake mwenyewe imejaa mbele yake hajaigusa, na ameanza kuzungumza na shoga yake, yule jirani wa ukuta kwa ukuta, habari za bei ya mkaa sijui, au za mtu aliyehama, hasikii vizuri, na glasi ameishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu, haiweki chini, haipeleki mdomoni. Weka chini basi. Utawekaje chini maji uliyopewa na mama mkwe, utamwambia nini, huna kiu, na jasho lote hilo shingoni? Kunywa basi. Kunywa, si mwenyewe ulisema si neno.

Si neno, mama. Hivyo ndivyo alivyosema, kwenye simu, Alhamisi, sauti yake ya kikazi, ile anayoitumia na wakubwa, mama alikuwa ameuliza kwa staha, kama anayeogopa kumsumbua, kwamba eti mwanangu, haya maji nikiyatia kwenye sufuria nyeupe nayaona kama yana rangi ya manjano, sijui ni uzee, naye akacheka, alicheka, Mungu amsamehe, akasema si neno mama, ni madini tu, na kumbe tangu Jumatano alikuwa anajua, Jumatano wenzake walipotoka kwenda kula yeye alibaki na chupa ya maji ya kisima hiki hiki, akatia kwenye kijichupa cha kupimia, akadondosha ile dawa isiyosema uongo, akajiambia isigeuke, tafadhali isigeuke, ikageuka, zambarau, pale pale, bila hata kujishauri, na zambarau kwenye kipimo kile maana yake ni moja tu, kromi, ile mbaya, ya manjano, inayotembea na maji kimya kimya na kumla mtu ini na figo taratibu na kumwachia saratani. Na akafanya nini, mhandisi? Akamwaga kwenye sinki. Yeye, anayewagombeza wanafunzi wa mazoezi wakimwaga hata tone, akamwaga, akasuuza kijichupa, akakifuta, akakirudisha mahali pake, akafuta na sinki, wezi nao ndivyo wanavyofuta mlango, kisha akaenda kula na wenzake na akala akashiba, hilo ndilo linalomuumiza kuliko yote, kwamba alikula akashiba.

Shemeji yake kule kwenye kochi anacheka na simu, huyu shemeji, kaka yake mke wake, ndiye aliyempa jina la Daktari wa Vyoo siku ile ya kwanza alipoletwa nyumbani hapa, alipoulizwa unafanya kazi gani akasema nasafisha majitaka, watu wakatazamana, mama mkwe akasema kazi ni kazi, na jina likashika, Daktari wa Vyoo karibu, Daktari wa Vyoo usimpe mkono kabla hajanawa, utani wa shemeji, hauna kinyongo, alicheka nao miaka yote, lakini ulikuwa unamkuna pabaya, na usiku mwingine alikuwa akilala anajibu moyoni majibu ambayo hakuwahi kuyatoa. Ndipo kikatokea kisa cha karakana. Karakana ile ya juu ya barabara walikuwa wanaoshea vyuma kwa dawa ya kutolea grisi, na masalio wanamwaga nyuma, mwaka baada ya mwaka, dawa ikazama, ikafika kwenye maji ya chini, visima vya mtaa mzima vikaanza kunuka utamu fulani wa kutia kichefuchefu, vikafungwa, mama mkwe akawa ananunua maji ya boza, anayahesabu kwa vikombe, na kampuni yake yeye, katika kampuni zote, ndiyo ikapewa kazi ya kusafisha. Alipoambiwa mtaa wenyewe, kichwa kilivimba. Sasa wataniona, alisema, kwa sauti, peke yake ndani ya gari.

Na wakamwona, walimwona vizuri sana. Alikuja na mitambo na mabomba, akatoboa ardhi mstari kuanzia karakanani kushuka huku, akaisukumia pamanganeti, dawa ya zambarau, kali, ambayo kazi yake duniani ni moja, kunyang'anya, inaikuta ile dawa ya grisi inainyang'anya elektroni zake mpaka inavunjika vipandevipande, inabaki chumvi na hewa, na alipokuwa anawaeleza majirani alipenda sana neno hilo, inanyang'anya, akikunja ngumi hewani, watoto wakamwiga. Siku moja ndoo ya mama mkwe, ya maji ya kufulia tu, ikatoka na maji ya rangi ya waridi, pamanganeti imepenya mpaka kisimani. Vilio mtaani, wametutilia sumu, na yeye akaja mbio, akatulia, akaomba glasi, akachota yale maji ya waridi, akatoa mfukoni kidonge cha vitamini C, cha kawaida, cha duka la dawa, akakisaga kwa kijiko akakitia, akakoroga, na waridi lote likatoweka mbele ya macho yao, maji yakawa meupe pe, kisha akayanywa, yote, akageuza glasi juu chini. Wakapiga makofi. Hata shemeji alipiga makofi. Na hapo ndipo alipowafundisha, bila kusema, kwamba maji yakiwa meupe ni salama na Daktari akinywa ni salama zaidi, somo la uongo, na hakuna aliyesahau hata herufi moja. Harufu ikaisha. Vipimo vya dawa ya grisi vikatoka safi. Visima vikafunguliwa. Mama mkwe akalivunja pipa la kuhifadhia maji, akasema la nini tena, akaacha kuchemsha, akaacha boza, na sasa majirani wasio na kisima wanakuja kuchota kwake bure, foleni ya ndoo asubuhi, na yeye anasimama mlangoni anasema chukueni, ni mkono wa mkwe wangu huo.

"...mimi naona kama yana rangi," jirani anasema sasa, hilo amelisikia, kila neno amelisikia, jirani ameinua glasi yake akiilinganisha na pazia, na kule sakafuni binti yake, binti wa yeye mwenyewe, na kikombe chake cha plastiki chenye masikio, kimeshakauka, anakigongagonga mguuni kwa bibi yake, bibi maji, bibi maji, na kikombe kile ni chekundu, ndani yake hakionyeshi rangi yoyote. Ameshakunywa vingapi? Walifika saa ngapi? Na likizo ile, wiki nzima aliyoachwa hapa na mama yake, na mama yake sasa yuko jikoni anaosha mboga kwa maji hayohayo, anaimba, anaimba jamani. Tangu lini? Maana hajui lini kromi ilianza kutembea, na hajui kwa sababu hakuipima, na hakuipima kwa sababu hakuandika ipimwe, na hilo ndilo shina, mengine yote ni matawi. Alikuwa anajua. Si Jumatano, kabla ya Jumatano, kabla hata ya kutoboa shimo la kwanza, alikuwa anajua.

Kwa sababu baba mkwe alimwambia. Marehemu, pale pale kwenye kochi alipokaa shemeji, mzee wa mikono mipana, kazi yake ya maisha kiwanda cha ngozi, na kiwanda hicho kilikuwa hapa, chini ya mtaa huu, kabla hakujawa na mtaa, alimsimulia jioni moja jinsi ngozi zilivyokuwa zikitoka kwenye mapipa zimekuwa buluu, buluu ya kupendeza, alisema, na vipande vibaya tulikuwa tunavizika nyuma ya ukuta, magunia kwa magunia, mpaka leo ukichimba choo hapa unakutana na buluu. Buluu hiyo ni kromi. Kromi iliyotulia, haiyeyuki, haimdhuru mtu, ingelala pale na vitukuu wakazeeka juu yake, ila usiinyang'anye, ukiinyang'anya elektroni inaamka na sura nyingine, ya manjano, na miguu, na pamanganeti haichagui, haina adabu ya kuuliza wewe ni grisi au wewe ni ngozi. Mwanafunzi yeyote anajua hilo. Yeye mwenyewe aliwahi kulifundisha. Na siku ya kupanga kazi, kalamu mkononi, aliuona mkono wa mzee ukionyesha nyuma ya ukuta, aliuona waziwazi, akajua kinachotakiwa, udongo upimwe kwanza, kromi ipimwe kabla na baada, na akajua maana yake, kuchelewa, msimu mzima labda, labda hata kubadilisha dawa, labda kupewa kampuni nyingine, na mama mkwe kungoja boza, na shemeji kusema Daktari wa Vyoo umeshindwa na kisima. Akajitia hamnazo. Alijiambia magunia machache tu, ya zamani. Usimwamshe aliyelala, utalala wewe, mzee alipenda kusema hivyo akimkataza mtu kumsumbua usingizini, na sasa amelala yeye, na mkwe ameamsha alichozika.

Kunywa. Kunywa yote, geuza glasi juu chini, ikikula ikule na wewe, hiyo nayo ni haki, kuna utamu fulani kwenye wazo hilo, kujihukumu kimya kimya, kuwa mwanamume, hakuna atakayejua... na anaiona glasi inaanza kupanda, mkono wake unaipandisha, na hapo hapo anajiona, anajiona siku ile ya kidonge, watu wamemzunguka, na anajua hili nalo ni lile lile, ni mchezo ule ule, akinywa hataadhibiwa, atapigiwa makofi. Jirani ataona Daktari amekunywa na yeye atakunywa. Mtoto atajaziwa kikombe. Hata toba yake ni sumu ya watu wengine. Mkono unasimama katikati ya njia. Na dawa ipo, huo ndio upuuzi wa kuaibisha zaidi, dawa ipo na wala si ya ajabu, kama kuna kinachonyang'anya kuna kinachorudisha, unasukumia chini chumvi ya chuma, hata molasi ya kulishia ng'ombe inafaa, vijidudu vya udongoni vinaila, vinamaliza hewa, kromi inarudishiwa kilichoporwa, inageuka, inakaa chini, inalala tena, itachukua muda lakini inalala, amelifanya hilo kwingine, analiweza, ila hakuna mtambo unaoweza kusukumia dawa chini ya mtaa mzima kwa siri. Lazima kwanza mtu aseme. Mficha uchi hazai. Na aseme nini, na aanze wapi, kwa wakubwa, kwa mke, kwa shemeji ambaye atampa jina jipya na safari hii halitakuwa utani, wala yeye hatakuwa na jibu moyoni, na foleni ile ya asubuhi, wale wanaotoka na ndoo wanamwombea dua...

"Kama yana rangi si neno," mama mkwe anasema, na sauti yake haina hata chembe ya ubishi, anasema kama anayemtuliza mgonjwa. "Nimemuuliza mwenyewe. Macho yangu yanaweza kunidanganya, mkwe wangu hawezi." Na anaichukua glasi yake, ile iliyokuwa imejaa mbele yake muda wote huu, anaichukua ili jirani aone, si kwa kiu, kwa ajili yake yeye, anakwenda kunywa ili heshima ya mkwe isidondoke mbele ya mtu wa nje, na amekuwa akimfanyia hivyo mkwe wake mara ngapi kwa siku, tangu lini, mara ngapi ameona manjano kwenye sufuria na akaona afadhali akatae macho yake... na aibu aliyokuwa nayo tangu Jumatano, ile ya kuogopa kuonekana, anaishangaa sasa ilivyokuwa ndogo, ilikuwa aibu ya mtu anayejipenda, hii nyingine iliyokuja haina hata nafasi ya yeye mwenyewe ndani yake, imejaa mwanamke mmoja mzee na glasi, na haimwambii ajifiche, inamwambia wahi.

"Mama," anasema.

Sauti imetoka ndogo, si ile ya kikazi. Jagi liko pale pale, kitambaa kile kile cheupe, jikoni mke wake bado anaimba, mtoto ananyoosha kikombe chake chekundu juu. Shemeji ameinua macho kutoka kwenye simu. Mama mkwe amesita, glasi imeshagusa mdomo, na anamtazama juu ya ukingo wake kwa upendo ule ule.

"Naam, mwanangu."

"Usinywe."