Miaka Tisa ya Bwana Eickhoff

Mvua ya Bremen haina adabu. Tangu Jumamosi asubuhi ilitunyeshea kutoka juu, kutoka ubavuni na, naapa, kutoka chini pia. Mimi nilikuwa na furaha ya kijinga, maana Jumapili upepo ulivunja mwavuli wa Bwana Eickhoff, na Jumapili maduka yote hufungwa. Ikabidi tubanane chini ya wangu.

Sisi ni wakaguzi wa lifti kutoka Kassel, na yeye ndiye mkuu wangu. Ijumaa tulikagua lifti sita za hoteli moja, nne zilibaki za Jumatatu, na katikati tulikuwa na siku mbili za kutembea mjini. Jumanne yeye angehamia ofisi ya Rostock moja kwa moja.

Miaka tisa nilikuwa nampenda mtu huyu, na miaka tisa tulikuwa tunaitana Bwana Eickhoff na Bi Hollerbach. Kwetu jina la kwanza hujichukulii tu. Mkubwa ndiye hutoa ruhusa. Yeye mkuu wangu, na hakuwahi kuitoa. Akiondoka hivi hivi, nitabaki Bi Hollerbach wa kutumiwa kadi ya Krismasi.

Kwenye sanamu ya punda wa ngano, yule aliyetoroka kwao aje Bremen kupiga muziki, karibu na ukumbi wa mji, alishika mguu wa mnyama kwa mkono mmoja, kama wageni wote wanaotafuta bahati.

"Mikono miwili, Bwana Eickhoff," nikamwambia. "Wenyeji wanasema ukishika kwa mmoja, hao ni punda wawili wanasalimiana."

"Basi niache nimsalimie mwenzangu, Bi Hollerbach. Kasafiri mbali huyu."

Nilicheka mpaka nikauinamisha mwavuli, maji yote yakamwingia shingoni. Na yeye akacheka. Watu wazima wa miaka hamsini na kitu, tumelowa chapachapa, tumemng'ang'ania punda wa shaba.

Tukakimbilia mkahawa mdogo, tukaagiza chai na keki ya tufaha. Akaanza kunieleza habari za nyumba aliyoipata Rostock, ina vyumba vingapi, inatazama wapi. Uvumilivu ukaniishia.

"Nikuulize kitu, wala usikasirike," nikasema. "Miaka tisa. Nimekukosea nini hata usinipe jina lako?"

Akaweka uma chini taratibu.

"Mimi nikupe? Si wewe ndiye mkubwa?"

"Mkuu ni nani kati yetu?"

"Ukuu wa kazini huo. Wewe umenizidi miaka minne, tena mwanamke. Ningekutangulia, mama yangu angenichapa." Masikio yalikuwa yamemwiva kwa haya. "Nimekungoja wewe, Bi Hollerbach. Mwishowe nikajua hunitaki, nikaomba uhamisho."

Nilimtazama nisijue nicheke au nilie, nikafanya vyote viwili. Mhudumu akatuletea vitambaa bila kuombwa.

"Mjinga wewe," nikasema.

"Tuko wawili."

"Gudrun," nikasema.

"Volkmar."

Desturi ya kupeana majina inataka mpitishane mikono viwikoni, mnywe, kisha mpeane busu. Watu hutumia divai. Sisi tulitumia chai, na nusu yake ikaenda kwenye kitambaa cha meza. Busu lenyewe huwa la shavuni. Volkmar alikosea mahali, na mimi, ninayelipwa nisiache kosa hata moja lipite, sikumsahihisha.