Mashine Yangu Ilipopimwa Kelele

Mashine yangu ya kusaga nafaka imelea watoto sita, kwa hiyo bwana afya alipokuja na kufuli mkononi, nilisimama mlangoni kumzuia. Majirani walilalamikia kelele. Mtaani tuna mashine mbili tu, yangu na msumeno wa umeme wa seremala ng'ambo ya njia. Inayozidi ndiyo ifungwe.

"Bibi, yako desibeli themanini na nne. Msumeno, sabini na mbili. Hakuna ubishi," akasema bwana afya akitazama kipimo chake cha sauti.

"Kumbe hicho kikongwe chako kina mapafu, mama!" seremala akacheka.

Mjukuu wangu wa kike, anayesomea mitambo chuoni, alikuwa akishona magunia. Akainuka.

"Shikamoo, bwana afya. Msumeno uliupimia wapi?"

"Getini kwake. Vumbi la mbao linanipigisha chafya."

"Na yetu?"

"Hapa hapa mlangoni."

Mjukuu akavuta futi kamba. Mlangoni petu, mita mbili. Kule, toka msumeno hadi getini, mita kumi na sita.

"Sauti huchoka njiani," akasema. "Mahali pa wazi, kila umbali ukiwa maradufu, zinapungua desibeli sita. Tulinganishe nguvu inayotoka kwenye mashine yenyewe, siyo kinachofika kwenye kipimo."

Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini sita sita nazijua, ndivyo ninavyopanga magunia. Nikakunja vidole: mbili hadi nne, sita, hadi nane, kumi na mbili, hadi kumi na sita, kumi na nane.

"Basi yangu kwa mita kumi na sita ni sitini na sita!"

"Umepata, mke mwenzangu!" mjukuu akanitania. Akaandika kwa chaki mlangoni nguvu ya kila mashine, akirudisha hesabu hadi mita moja na kuongeza nane za sauti inayotawanyika juu ya ardhi: yetu tisini na nane, msumeno mia moja na nne. "Ukiupima msumeno kwa mita mbili, utasoma tisini."

"Chaki haina masikio," akasema bwana afya. "Twende."

Alijifunga leso puani, akasimama mita mbili, seremala akawasha. Kipimo kikasoma tisini. Bwana afya akakitazama, akamtazama binti yule, kisha akapiga chafya tatu.

Kufuli likabaki kwa seremala mpaka ajenge ukuta wa kuzuia kelele. Safari hii hakucheka.

"Bibi, washa mashine," bwana afya akaniambia. "Na huyu asiishie kushona magunia."

Ile chaki ipo mpaka leo. Nikifuta unga mlangoni, naizunguka.