Sumaili Chini ya Lori

Lori la pamba kutoka Wamaza liliingizwa gereji ya Kasongo likiwa na springi iliyovunjika. Lukumani fundi akasukuma kriki chini yake, ile kubwa ya chuma yenye magurudumu madogo, inayoinua gari kwa nguvu ya mafuta. Akapampu. Lori likapanda, likakaa kidogo, likaanza kushuka polepole, maana kriki ilikuwa ikivuja tangu zamani. Ndipo akaingia Sumaili, fundi mwenzake, aliyezikwa Ijumaa. Alikuwa ameikunja sanda mpaka magotini isishike grisi. Akasalimu, akachuchumaa, akatia bega chini ya chasi na kuliinua lori.

"Umechelewa," Lukumani akasema.

"Njia ya makaburini iko na matope."

Musiu Lambrecht, Mbeleji mwenye gereji, akatoka na kikombe chake cha kahawa, akalizunguka lori.

"Huyu iko nainua muzuri. Sasa kriki mupya ya nini?"

Habari ya kuagiza kriki ikaishia hapo.

Siku ya tatu, mchana, Subira, mke wa Sumaili, alileta bugali na sombe ya majani ya muhogo. Wanawake wa mtaa walikuwa wamebishana kama mwenye eda anaruhusiwa kumpelekea chakula marehemu mwenyewe, wakaona haina ubaya. Sumaili hakula. Alinusa, akashukuru.

"Shemeji," Subira akamuuliza Lukumani, "wenzake wakizikwa wanalala. Huyu wangu anazuiwa na nini?"

"Ni kriki, shemeji. Ilivuja, lori likamshukia. Ikipona ataondoka."

"Basi uiponye. Nimechoka kufua sanda."

Lukumani alisema nusu ya kweli. Kwamba kriki inavuja, wote walijua. Ndiyo sababu hakuna fundi aliyeingia chini ya lori kabla ya kusimamishwa magogo mawili ya mti mgumu. Lakini siku ya Maulidi mvua ililowesha kuni zote za mtaa, na masufuria ya wali yalikuwa yakingoja. Magogo ya gereji, yaliyokunywa mafuta miaka na miaka, yalishika moto mara moja. Lukumani ndiye aliyeyapasua, na watu wakamsifu. Wali ulinukia oili kidogo. Sumaili aliomba sahani ya pili. Kesho yake akajiingiza chini ya lori akiamini magogo yapo upande wa pili kama kawaida, na Lukumani, mkono kwenye kriki, akanyamaza.

Sasa Lukumani akaifungua kriki. Ngozi ya ndani, ile inayozuia mafuta yasipite, ilikuwa imekauka kama sikio la mbuzi aliyechinjwa juzi. Akakata nyingine kutoka mshipi wake mwenyewe, akailoweka, akaikaza. Kriki ikainua lori jingine lenye mzigo, ikakaa kutwa nzima bila kushuka.

"Musiu, kriki imepona. Sumaili anaweza kwenda."

Musiu Lambrecht akafurahi kweli. "Muzuri sana! Kriki itaenda gereji ya Kabambare. Kule hawana mutu."

"Ndiyo, Musiu," Lukumani akasema, huku ameshika suruali isianguke. Akasaidia kuipakia.

Aliporudi, Sumaili alikuwa palepale, lori begani.

"Kitendawili."

"Tega."

"Yalinilinda mgongo, yakaenda kuivisha wali, nami nikala nikasifu."

Lukumani akakaza nati iliyokwisha kukazwa. "Nimeshindwa. Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Chukua Kasongo."

"Kasongo ninalala humo. Ongeza."

Akampa Wamaza, akampa Lusangi. Mpaka kengele ya kutoka inagongwa, alikuwa amempa miji yote anayoijua. Anayepewa mji ndiye hutoa jibu, lakini Sumaili aliipokea mmoja mmoja kwa adabu, asilitoe.

"Miji inatosha, ndugu yangu," akasema. "Jibu umpe Subira."

Kesho yake Subira akaja na bakuli, akauliza kama kriki imepona.

"Bado, shemeji," Lukumani akajibu, akampokea bakuli.